Kopo la mjomba na dripu za dada

Nalima uyoga mamama hapa Uyole, mwaka wa nne sasa. Nachemsha mabua kwenye pipa, napandikiza mbegu, najaza mifuko na kuiacha gizani wiki tatu hivi hadi iwe myeupe kama imemwagiwa unga. Kwa hiyo dada alipokutwa na saratani ya matiti, na mjomba akaja kutoka Tukuyu na kopo la unga wa uyoga, macho yote sebuleni yalinigeukia. Eti mtaalamu ni mimi.

Niseme kabla sijaendelea: mama mmoja pale Mwanjelwa aliwahi kuniuliza kama uyoga unatibu saratani. Sikusema ndiyo. Nilisema, "Uyoga una mambo mengi, mama." Akanunua pakiti tatu.

Na mjomba hakuja na porojo tupu. Lile lilikuwa kopo la kodisepsi, uyoga wa rangi ya machungwa ambao porini huota kwenye miili ya viwavi. Ndani yake mna kodisepini, iliyotengwa maabara mwaka 1950, na ni kweli kwamba kwenye vyombo vya maabara inazuia seli za saratani. Usiku ule nilisoma hadi bando likakata. Kodisepini inafanana na adenosini, moja ya malighafi ambazo seli huunganisha inaponakili maelekezo ya jeni zake, ila imepungukiwa oksijeni mahali pa kuungia. Ni kama behewa la TAZARA lisilo na ndoano nyuma: likishafungwa, hakuna behewa jingine litakalofuata. Seli inakwama.

Nilifurahi kwa nusu saa. Kisha nikafika penye uchungu: mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunja kodisepini ndani ya dakika chache tu. Ndiyo maana watafiti wa Oxford na kampuni ya NuCana walitengeneza kodisepini iliyovikwa kinga, NUC-7738, ili ipenye hadi ndani ya seli, wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa kwa njia ya mshipa. Kopo la mjomba lilikuwa na picha ya mlima na neno "asilia". Kiasi cha kodisepini hakikuandikwa popote.

Sasa unamwambiaje? Mjomba ndiye aliyetulea baba alipofariki. Kumwambia mbele ya wajukuu kwamba shilingi 85,000 zimepotea ni kumvua nguo. Asubuhi nikamwamkia, nikasema, "Mjomba, dozi ya pili ya dripu za dada ni Alhamisi. Twende wote, na kopo tulibebe daktari alione." Akakubali papo hapo. Nadhani alitegemea kusifiwa.

Daktari hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alilisoma kopo mbele na nyuma, kisha akamgeukia dada: kuna kingine unachokunywa? Dada akainamisha kichwa. Unga alishaanza siku tano nyuma, tena na maji ya mizizi aliyoletewa na jirani, sisi hatujui. Daktari akaeleza kwamba dripu hizo zinalitwisha ini kazi ya kutosha; vipimo vikiharibika, hatajua alaumu dawa, unga au mizizi. Vyote visimame hadi dozi sita ziishe. Mjomba akauliza, "Na uyoga wa huyu kijana?"

"Huo mboga. Uive vizuri tu."

Tangu siku hiyo nikaweka daftari mezani: chochote kisicho chakula kiandikwe, tarehe na aliyekileta. Shangazi mmoja alinuna, akaondoka na chupa yake. Mjomba, kwa kuwa alitaka sana kuwa na mchango, nilimpa jukumu la nauli, na hakukosa hata Alhamisi moja. Mara ya nne dada alitapika njia nzima kurudi nyumbani, na ni yeye aliyemshikia mfuko.

Dozi ya sita imeisha, sasa tunasubiri tarehe ya upasuaji. Kopo liko juu ya kabati, halijaguswa tena.

Wiki iliyopita yule mama wa Mwanjelwa alirudi. Nikamwambia wazi kwamba uyoga wangu ni mboga, hautibu saratani, na kama kuna mgonjwa nyumbani ampeleke hospitali. Akanitazama, akaishika pakiti na kuipima mkononi.

"Kama ni mboga tu," akasema, "basi nipunguzie."