Fremu 9

Kiungo cha filamu, pale vipande viwili vinapoungwa, kikifanywa vizuri hakionekani wala hakisikiki. Kikifanywa vibaya, ukumbi mzima hukijua. Changu kilijulikana Jumapili moja ya Januari 1975, kaskazi imeshika, kwenye senema moja ya katikati ya mji wa Mombasa, zikiwa zimebaki dakika chache filamu iishe. Nilikuwa na miaka 17, kijana wa kumsaidia opereta.

Filamu yenyewe ilikuwa Anand, ya Kihindi, ya mwaka 1971, ya Hrishikesh Mukherjee. Rajesh Khanna ndiye Anand, ana saratani ya utumbo, amebakisha miezi, na anajua. Anacheka na kila mtu anayekutana naye. Amitabh Bachchan, ambaye filamu hii ilipotengenezwa hakuwa bado yule wa kupiga watu ngumi, ni daktari Bhaskar, anayejua ugonjwa wote na hana la kuufanya. Hakuna adui wala kisasi humo. Kwetu nilidhani watu wangedai pesa zao, maana walizoea vita. Kumbe ilikaa wiki ya pili, na balkoni ikawa inajaa mabuibui tangu onyesho la alasiri.

Opereta tukimwita Ami. Chumba cha mashine kilikuwa juu, nyuma ya balkoni, unapanda kwa ngazi ya chuma. Mashine zilikuwa mbili, zikipokezana. Filamu ya milimita 35 hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, futi 90 kwa dakika, kwa hivyo mkebe wa futi 1000 ni dakika 11 tu. Sisi tulikuwa tukiunga mikebe miwili kwenye rili moja, tukapata dakika 22 za kupumua kabla ya kubadilisha. Kupumua ni neno tu. Taa ilikuwa ya kaboni: vijiti viwili vilivyovishwa shaba, cha chanya milimita 7 na cha hasi 6, ncha zinatazamana na umeme unaruka katikati. Cha chanya huliwa upesi, ndiyo maana kikafanywa kinene. Ukiziacha ncha ziachane sana, moto unazimika. Ukizisogeza mno, mwanga unapata kigugumizi na picha inachezacheza ukutani. Basi unachungulia kwa kioo cheusi, unazungusha kishikio kidogo kidogo, na huku jicho la pili liko kwenye tundu la ukutani linatafuta nukta. Nukta ya kwanza hutokea pembe ya juu kulia, kama sekunde 8 kabla ya rili kwisha: unawasha mota ya mashine ya pili. Ya pili hutokea ikibaki kama sekunde 1: unahamisha. Ukizubaa, watu wanaona kitambaa cheupe, na Mombasa ya wakati ule haikuwa na subira. Viti vilipigwa, miluzi, na "Opereta! Amka!"

Moshi wa kaboni ulitoka kwa bomba la bati paani. Joto lilibaki na sisi. Ami alifanya kazi kwa kikoi na fulana.

Asubuhi ya Jumapili ile nilikuwa nikirudisha rili, nikipitisha kingo za filamu katikati ya vidole viwili. Ndivyo vitobo vilivyochanika vinavyotafutwa. Kidole huvijua kabla ya jicho. Kopi yetu ilikuwa imeshapita senema nyingi na opereta wengi, na kila mmoja alikuwa ameacha mikwaruzo yake. Kwenye rili ya mwisho nikapata kiungo cha zamani kimeanza kufunuka. Nikakikata ili niunge upya.

Kuunga si kubandika. Gundi ya filamu haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki ya upande mmoja na ya upande wa pili, zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Kwa hivyo lazima kwanza utandu wa picha ukwanguliwe wote pale panapopandana. Unalowesha kidogo, unakwangua kwa wembe mpaka paonekane peupe kama kioo, unapaka gundi mara moja tu, unabana na kuhesabu polepole mpaka 15. Mimi nilifanya makosa mawili. Pembe moja niliiacha na utandu, kwa haraka. Na gundi ilikuwa ya kichupa kilicholala wazi usiku kucha. Ile dawa ya kuyeyushia ilikuwa imekwenda na hewa, kilichobaki ni uji. Kiungo kikashika. Nikakivuta, kikashika. Nikaona basi.

Onyesho la usiku lilijaa pomoni.

Yule asiyeijua filamu hii anahitaji kujua jambo moja. Kabla ya mwisho, marafiki wale wawili wamejirekodi kwenye kinasa sauti kwa mchezo: daktari anasoma shairi lake, Anand anaingilia kwa dhihaka. Siku ya mwisho daktari ametoka mbio kutafuta dawa. Akirudi, mwenzake amekwisha. Kanda inazunguka pembeni. Daktari anamshika, anamgombeza maiti: miezi yote hii umenichosha kwa maneno yako, sasa sema, sema na mimi. Halafu, katika kimya kile, sauti ya Anand inatoka kwenye kanda, inamwita kwa jina la utani alilompa: "Babumoshai!"

Kiungo changu kilikatika baina ya kuomba na kujibiwa.

Nilisikia kwanza: mkia wa filamu unapiga chini ya mashine, chap chap chap. Filamu ilikatika chini kidogo ya geti, yaani pale filamu inapopita mbele ya mwanga, kwa hivyo iliyobaki getini ilisimama mbele ya moto, na filamu iliyosimama mbele ya kaboni haichukui hata sekunde. Uso wa Amitabh ukaota lengelenge la hudhurungi ukutani. Mkono wa Ami ulikuwa umekwisha kushusha kifuniko cha mwanga. Giza.

Filamu ikikatika, desturi ni kutoiunga pale pale. Unavuta upande wa juu, unaupitisha upya kwenye geti, kwenye kichwa cha sauti, unauzungusha kwenye rili ya chini, unatia kipande cha karatasi pale palipokatika ili paungwe baadaye, unawasha. Haifiki dakika. Lakini kuanzia getini mpaka rili ya chini ni kama futi 4, na futi hizo hupita bila kuonekana wala kusikika. Ni karibu sekunde 3. Mimi nikawa nimeshashika filamu nianze kuipitisha, Ami akanipiga kofi la mkono.

"Jina lake hatulikati," akasema. "Leta wembe."

Akatoa rili zote mbili, akazileta mezani. Akagonga kengele ya chini mara mbili, maana yake taa za ukumbini zisiwashwe. Mimi nikabaki na kaboni, kuzisogeza ncha moto usizimike. Yeye akakata pale palipoungua na palipochanika, akakwangua, akafungua kichupa kipya. Fremu 9 zilitoka. Kisha akahesabu mpaka 15, polepole kama ilivyo haki ya gundi, na mimi roho iko juu nikingoja miluzi.

Haikuja. Nikachungulia tunduni. Kulikuwa na giza na pumzi za watu. Mtoto mmoja aliuliza kitu akanyamazishwa. Upande wa balkoni, mtu alikuwa analia kwa kujizuia, vile wanavyolia watu matangani wageni wakiingia. Daktari alikuwa ameomba aambiwe neno, na watu wote wale, wa stoli kule chini na wa balkoni, walikuwa wameketi gizani wanalingoja pamoja naye. Ami alichukua dakika 4. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi ile sijapata kuona tena ukumbi uliojaa ukinyamaza dakika 4 kwa kitambaa cheusi.

Alirudisha nyuma futi chache, ombi likasikika mara ya pili, kisha sauti ikatoka.

"…moshai!"

Nusu. Hapa ndipo sauti ya filamu inapokuonea. Mstari wa sauti umechapishwa ubavuni mwa picha, lakini kichwa cha kuisoma kiko chini ya geti, kwa hivyo sauti hutangulizwa kama fremu 20. Ubavuni mwa uso wa daktari anayelia kimya mmekwisha kuandikwa sauti ya atakayemjibu. Ukikata uso, umekata jibu. Fremu 9 ni sekunde 1 ukiigawa mara tatu, nawe uzidishe kidogo. Inatosha kumeza "Babu".

Watu walitoka bila kelele. Muuza kachiri mlangoni, ambaye usiku wa Jumapili alikuwa akimaliza karai lake lote, alinisimamisha na kuniuliza kama kuna mtu amefia ndani.

Jumanne alasiri, baada ya onyesho, mlango wa chumba cha mashine uligongwa. Mama wa makamo, buibui limeshikwa kidevuni, amepanda ngazi yote ile ya chuma.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mumelikata jina? Wiki iliyopita nimelisikia lote."

Ami akasimama, akamwomba radhi, akasema ni filamu chakavu. Hakunitaja. Mama yule hakuondoka. Akazitazama zile mashine, akauliza, "Yule kijana, nani alimwambia kuwa atakufa?"

"Madaktari, mama."

"Huyu wetu wametuambia sisi." Akanyamaza kidogo. "Yeye tumemwambia ni vidonda vya tumbo."

Ami hakujua la kusema, nami zaidi. Mama yule akashuka, nikawa nazisikia ngazi moja moja.

Miaka mingi baadaye tulipoitwa kando kwenye korido ya hospitali, mimi na ndugu zangu, tuelezwe habari za mamangu, daktari alipofungua kinywa nilichosikia mimi ni chap chap chap ya ule mkia. Wakubwa waliamua asiambiwe. Sikubishana. Niliwaza tu lile swali la ngazini.

Ijumaa ya wiki ile ile ya Anand, mama yule wa buibui alikuja tena, usiku, na mwanamume mwembamba sana wa kofia ya kiua na kanzu iliyomzidi. Niliwaona kupitia tundu wakikaa balkoni, safu ya mbele, yeye akimwekea mto mgongoni. Nikamwambia Ami. Ami hakuja tunduni. Akaitoa rili ya mwisho kwenye mkebe, akaipitisha vidoleni mpaka akalifikia lile pengo la fremu 9, akakivuta kile kiungo pande mbili, akairudisha. Akatia kaboni mpya ingawa zilizokuwamo zingefika. Rili nzima hakuondoa mkono kwenye kishikio, mwanga usitikisike.

Ombi likapita. "…moshai!" Kanda ikazungumza, ikacheka, ikaisha, ikabaki inazunguka tupu.

Kuwasha taa za ukumbini ilikuwa kazi yangu kuamuru. Nikaiendea kengele. Ami akasema, "Ngoja."

Mashine ilikuwa imeshazimwa. Ndani ya sanduku la taa ncha ya kaboni ilikuwa bado nyekundu. Tukaitazama mpaka ikawa nyeusi, ndipo nikagonga.