Tulivyopima mbwa wetu wanapenda chakula gani

Mradi wa sayansi wa mtoto wa darasa la tano si kubandika picha kwenye manila. Nasema hivi kwa sababu ndivyo wazazi wenzangu karibu wote walivyonishauri, binti yangu alipotaka kujua mbwa wetu wawili, Bosi na Popi, wanapenda chakula gani zaidi. "Si nyama? Andika nyama, mmemaliza." Nilikataa, na nafurahi sana kwamba nilikataa.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ulitoka kwa shemeji yangu, tena msomi. Alitaka tupange sahani tano kwa mstari: ugali, dagaa, maini, wali na chapati. Kabla ya hapo mbwa washinde njaa siku nzima ili "wachague vizuri". La njaa nililikatalia hapo hapo. Mbwa mwenye njaa hachagui, anafakamia. Sahani tano tulizijaribu kwa heshima yake, naye akasimama barazani akishika saa. Bosi alianza na sahani ya kwanza kushoto, akaimaliza, akahamia ya pili, akaimaliza, akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari kama mtu anayefagia uwanja. Popi alipofunguliwa akakuta sahani tupu, akazilamba zote. Shemeji akatangaza kwamba wanapenda ugali, kwa kuwa ndio uliotangulia kuliwa! Binti yangu hakumjibu. Alichukua kifutio, akafuta jedwali lote.

Tukaanza upya na sahani mbili tu, mbwa mmoja mmoja, mwenzake amefungwa nyuma ya nyumba. Hata viwanda vya chakula cha mbwa hupima hivyo: sahani mbili kwa pamoja, wanaangalia ipi imeguswa kwanza na kila moja imepungua kiasi gani. Mzani tuliazima kwa jirani anayeoka keki.

Kabla hujalinganisha chochote, weka chakula kile kile pande zote mbili. Hili ndilo ninalojivunia kuliko yote. Ugali kushoto, ugali kulia, sufuria moja. Bosi akaenda kushoto. Kesho yake kushoto. Tukamwanzishia mbali zaidi, bado kushoto, upande wa mlango wa jikoni, ambako ndiko amezoea kutupiwa makombo. Kumbe tungeweka maini kushoto tungesema anapenda maini, na tungeweka matambara tungesema anapenda matambara. Kuanzia hapo kila jozi ya vyakula ilipimwa mara ya pili kwa kubadilishana pande, na binti yangu akaongeza safu ya "upande" kwenye daftari.

Jambo jingine ni macho ya mtoto. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alikuwa anasoma mwili wa aliyemuuliza tu. Mbwa hufuata kidole na macho ya binadamu kirahisi kabisa. Kwa hiyo binti yangu aliweka sahani, akageukia ukuta, na mimi niliyefungua kamba sikuambiwa kipi kiko wapi.

Kisha tukatenga harufu na ladha. Tulichukua makopo mawili ya siagi yanayofanana, tukatoboa vifuniko kwa msumari. Kopo moja likawekwa maini ya kuchemsha, la pili likabaki tupu. Popi alipita la tupu bila kusimama, akalishika la maini kwa miguu ya mbele na kuingiza ulimi kwenye matundu. Mbwa ana vionjo vya ladha kama 1,700 hivi kwenye ulimi, sisi tuna karibu 9,000, lakini kwa pua hatumkaribii. Hapo binti yangu akapata wazo: ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa maini dhidi ya dagaa wakavu. Ugali mtupu ulikuwa umeshindwa na dagaa kwa mbwa wote wawili. Ule wa mchuzi, Popi aliumaliza kabla ya kugusa dagaa, Bosi akagawa karibu nusu kwa nusu. Na ugali unawafaa. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mababu zao mbwamwitu, wale wa Ulaya na Asia, si hawa wa Serengeti.

Gharama? Maini robo, dagaa mafungu machache, unga upo ndani. Sidhani kama elfu kumi iliisha. Mchuzi usitiwe kitunguu wala kitunguu saumu, vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu visiguswe kabisa. Mbwa wawe wa nyumbani, wenye chanjo ya kichaa cha mbwa, wala si wa mtaani, na mtoto asisogelee sahani mbwa akiwa anakula.

Kwenye hitimisho aliwaandika kwa majina, Bosi na Popi, maana hao ndio aliowapima. Sasa anataka kulinganisha maini ya vuguvugu na yaliyopoa, kwa kuwa chakula chenye joto hutoa harufu zaidi. Mzani wa jirani bado tunao.