Waliopiga Kelele Mezani kwa Nabii

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili nawaomba mfungue 2 Wafalme 4:38–41. Ni mistari minne tu, nasi hupenda kuipita mbio kwa sababu imebanwa kati ya kufufuka kwa mwana wa Mshunami na kupona kwa Naamani.

Nabii Elisha amerudi Gilgali na nchi ina njaa. Wana wa manabii wameketi mbele yake, naye anamwagiza mtumishi ateleke sufuria kubwa awapikie. Mmoja wao anatoka kwenda shambani kutafuta mboga, anakuta mtango-mwitu umetambaa, anachuma mpaka nguo yake inajaa, anarudi anayakatakata ndani ya sufuria. Hakuyajua. Watu wanapakuliwa, wanaanza kula, mara wanapiga kelele kwamba mna mauti sufuriani.

Kisa hiki nilikuwa nimekisoma miaka mingi. Nilikielewa kwenye ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, nikiwa nimepiga magoti kando ya benchi la mbao.

Wengi wenu mnamjua kitinda mimba wetu, yule wa maswali. Ana aleji ya samaki na ya njugu. Si kwamba hapendi samaki, wala si tumbo linalomsokota kidogo kisha likatulia. Mwili wake humdhania samaki kuwa adui aliyevamia, ukainuka kupigana naye kwa nguvu zote, na katika vita hivyo anayeumia ni mtoto mwenyewe: ngozi inafura, koo linabana, presha inashuka. Na haya yote Kisumu! Ni kama mtu azaliwe Kericho awe hawezi kukaribia majani chai. Hapa mgeni hukaribishwa kwa samaki, msiba huwa na samaki, hata kona ya barabara jioni inanukia omena, wale dagaa wa ziwani.

Siku ile tulikuwa tumekwenda ziwani na ushirika wetu wa nyumbani. Watoto walipanda mashua, wakarudi na njaa. Nilikuwa nimebeba hotpoti ya wali na ndengu kwa ajili yake, lakini wenzake walikuwa wakila chipsi, naye akaniangalia kwa jicho lile ambalo kila mzazi analijua. Nikaenda kwa mama aliyekuwa akikaanga. Nikamuuliza, "Mama, hizi chipsi zina samaki?" Akanijibu, "Hapana, ni viazi tu." Hakudanganya. Swali langu ndilo lililokuwa fupi. Viazi havikuwa na samaki, ila mafuta yalikuwa yamekaanga samaki tangu asubuhi, na moto wa mafuta hauondoi kile kinachomdhuru.

Alikula kama vipande vitatu. Akaanza kujikuna shingo, mdomo ukavimba, kikaja kikohozi kikavu, kisha sauti ikabadilika. Mimi nikatafuta kwanza ile dawa ya maji ya aleji, nikaipima kwenye kijiko huku mikono ikitetemeka. Dakika hizo bado zinaniuma. Sindano ya adrenalini ilikuwamo mkobani, ile ya kalamu ambayo shemeji yangu alituletea kutoka ughaibuni, nami naogopa kuitumia kana kwamba ndiyo itakayomuua! Baba yake ndiye aliyeinyakua akamdunga pajani, juu ya suruali, kama tulivyofundishwa. Baada ya muda pumzi ikafunguka. Tukamlaza, miguu juu, mwenye gari akatukimbiza hospitali.

Huko muuguzi alinieleza jambo ambalo nataka kila mmoja wenu alishike, kwa maana aleji huanza hata kwa mtu mzima aliyekula chakula hichohicho miaka yote. Dawa ya maji hutuliza mwasho na upele, haifungui koo lililobana wala haiinui presha. Adrenalini ndiyo ya kwanza, na haingoji mpaka hali iwe mbaya zaidi. Mgonjwa asisimamishwe ghafla wala kutembezwa. Tena akipata nafuu apelekwe hospitali vilevile, maana shambulio laweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama hajaonja kitu tena. Sisi tulilala pale hadi asubuhi.

Sasa nirudi Gilgali, maana kuna jambo pale linalonishangaza kila nikisoma. Hao waliopiga kelele walikuwa wameketi mbele ya nani? Mbele ya nabii, ambaye ndiye aliyeagiza sufuria ile itelekwe. Ilikuwa siku ya njaa, kupata chakula ni neema. Kama ni adabu tuliyolelewa nayo huku kwetu, wangemeza kimyakimya, wakashukuru, wakaenda kufia nyumbani. Wao walipaza sauti katikati ya kula. Na Elisha hakuwaambia kwamba imani yao ni haba. Hakuwaambia waombee chakula waendelee. Aliomba unga, akautupa ndani ya sufuria kwanza, ndipo akasema watu wapakuliwe, na madhara hayakuwamo tena. Habari ya unga ule sitaiingilia, mahubiri yake yapo mengi. Ila nisisikie mtu anasema unga huponya aleji, tafadhali.

Nasema hivi kwa sababu niliambiwa, tena na mtu ninayemheshimu katika kanisa, kwamba nikimwombea mtoto na kumpa samaki kwa imani hatadhurika. Alinitajia Marko 16:18, hata wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikasoma Mathayo 4. Pale juu ya kinara cha hekalu Ibilisi alimwambia Yesu ajitupe chini, akamnukulia Zaburi ya 91, malaika watakuchukua mikononi, nalo ni neno zuri kabisa la Mungu. Bwana hakuruka. Alisema usimjaribu Bwana Mungu wako, kisha nadhani akashuka kwa ngazi kama mtu mwingine yeyote. Mimi humwombea mwanangu kila siku, na uponyaji bado nautaka. Lakini nikiwa naomba, sindano iko mkobani.

Kuna mwingine katika mistari ile ya Gilgali ambaye mimi humfikiria sana: yule aliyechuma matango. Biblia haikumtaja jina. Alikuwa ametoka juani, wakati wa njaa, akatafutie wenzake chakula. Nguo ilijaa, bila shaka alirudi akiwa na furaha. Halafu anasikia kelele. Angalieni, hakuna mstari wowote unaosema Elisha alimkemea.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa Butere. Kukhu yule, yaani bibi kwa Kiluhya, ukienda kwake huondoki bila kula, na mboga zake za kienyeji anaziunga kwa njugu alizozisaga mwenyewe. Mara ya kwanza tulipoenda na hotpoti ya mtoto, aliiangalia pale mezani, akanyamaza. Baadaye nilimkuta jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mkono wangu umekuwa sumu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuhusu njugu, sikuwa nimejiandaa kumwona akilia. Maana kwake kumpikia mjukuu ndiyo lugha anayoijua ya kumwambia nakupenda, na mimi nilikuwa nimeingia na kikopo changu kama mtu anayemwambia anyamaze.

Tulikaa chini siku hiyo, mimi na yeye, juu ya vigoda. Nilimsomea habari ya sufuria ya Gilgali. Nilipofika kwa yule mwenye matango alicheka, akasema, "Huyo ni mimi." Siku hizi ana sufuria moja iliyofungwa kitambaa chekundu mkononi, imening'inizwa peke yake, na ole wake atakayeichotea mboga ya njugu. Humkaangia mjukuu kuku kwa mafuta mapya, mbele ya macho yangu, bila mimi kuomba. Wala hotpoti sibebi tena nikienda Butere.

Matembezi hatujaacha, ingawa kulikuwa na miezi ambayo nilitaka kumfungia nyumbani, mpaka dada yake akaniuliza kama naye pia anaadhibiwa. Tunatoka, ila tunatoka kwa mpango. Sindano ni mbili sasa, na haziachwi ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana joto huziharibu. Tukiwa karibu na wanaokaanga samaki tunakaa upande upepo unakotoka, kwa kuwa hata mvuke wa kikaango unaweza kumletea kikohozi. Mchana upepo wa Kisumu hutoka ziwani, kwa hiyo tunakaa karibu na maji, na kwa kweli huko ndiko kuzuri zaidi. Wenzake wakila samaki au njugu huosha mikono kwa sabuni na maji kabla ya kucheza naye. Sanitaiza haitoshi, huua vijidudu lakini mabaki ya chakula hubaki mkononi. Na mimi nimejifunza kuuliza swali refu. Juzi nilimuuliza mama mmoja, "Haya mafuta yamekaanga nini tangu asubuhi?" Akasema kwa fahari, "Samaki tu, mama, hakuna uchafu mwingine!" Nikamshukuru kwa moyo wote, nikanunua ndizi.

Jumapili iliyopita somo la watoto lilikuwa Yohana 21. Yesu amefufuka, yuko kando ya bahari ya Tiberia, amewasha moto wa makaa, na samaki wako juu yake. Kijana wetu alirudi akiwa kimya, jambo lisilo la kawaida. Alipokuwa akivua viatu akauliza, "Mama, mimi ningekuwa pale ningekula nini?"

Nikafungua Biblia nikamwonyesha mstari wa 9 aisome mwenyewe. Akafuata maneno kwa kidole hadi akafika mwisho. "Na mkate," akasoma. Akafikiri kidogo. "Lakini Yesu angekuwa ameshika samaki kwanza."

"Angenawa," nikamwambia.

"Kwa sabuni?"

Jumamosi ijayo ushirika unaenda Hippo Point, kando ya ziwa, tunaondoka saa tatu asubuhi. Mkate nitaleta mimi. Mwenye njugu azile kabla ya kupanda gari, na atakayekuja na samaki aniambie mapema tupange pa kukaa.