Mjomba yuko upande wa pili

Siku ya kwanza kumsikia kijana wa Kigujarati akiita "Mama! Mama!" mlangoni pa duka la vitambaa, niligeuka kumtafuta huyo mama. Akatoka mzee mwenye kipara, tepu ya kupimia shingoni. Kwa Kigujarati "mama" ni mjomba. Na "kaka" ni baba mdogo. Nimekaa Kisutu, Dar es Salaam, miaka kumi na moja, na bado nikimwita mpangaji wa chini "kaka", wajukuu wa mzee wanacheka.

Mzee huyo ndiye aliyeniingiza kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Fundi wake wa cherehani alikuwa akimwona kila asubuhi anasoma kitabu kabla ya wateja kuja, akamuuliza kinasema nini. Mzee akapanda ngazi hadi kwangu, maana kazi yangu ni kutafsiri: mikataba, vyeti vya kuzaliwa, maelezo ya dawa. "Mwanangu, mimi nasoma, wewe andika." Kisanskriti juu, Kigujarati chini. Sura 18, beti 700. Tukasema tuanze na sura ya kwanza tu.

Sura hiyo wengi huiruka, eti ni majina ya wapiganaji na kelele za baragumu. Mimi ndiyo iliyonishika. Shujaa Arjuna anamwomba mungu Krishna, anayemwendeshea gari la farasi, alisimamishe katikati ya majeshi mawili yanayotaka kupigana. Anatazama.

"Pitamaha," mzee akasoma. Babu. "Acharya." Mwalimu, maana Drona aliyemfundisha Arjuna upinde yuko ng'ambo ile. "Matula." Mzee akajigusa kifua: "Hapa ni mimi." Mjomba.

Pembeni nilikuwa na tafsiri ya Kiingereza ya kuniongoza, na hapo ilinichekesha. Mjomba na baba mdogo, neno moja! Kisanskriti kinataja "baba" kwa wingi, na Kiingereza kikishaandika hivyo lazima kiweke maelezo, maana Pandu, baba yake Arjuna, keshakufa zamani. Kwetu maelezo ya nini? Baba wakubwa na baba wadogo. Hata mahasimu wenyewe, Duryodhana na wenzake, Kiingereza huwaita binamu. Lakini hao ni watoto wa Dhritarashtra, kaka yake Pandu. Watoto wa baba mkubwa! Kisanskriti kinasema ndugu, nami nikaandika ndugu.

Nikajiona bingwa. Ila kulikuwa na neno nililoliacha wazi, tena ndilo la kwanza kabisa kitabuni: dharma. Vita viko "dharmakshetre", kwenye uwanja wa dharma.

"Andika dini," mzee akasema, kwa kuwa Kigujarati cha leo hulitumia hivyo. Nikakataa, msomaji atadhani ni vita vya dini. Wajibu? Uwanja wa wajibu, kama tangazo la kazi. Haki nililipenda siku mbili nzima, kisha nikaona nimeshaamua kesi kabla Arjuna hajafungua mdomo. Na uwanja wenyewe ni upi? Gandhi alisema ni moyo wa mtu. Lakini Kurukshetra, uwanja unaotajwa kitabuni, ipo, jimbo la Haryana, India, watu hupanda treni wakaenda. Gandhi naye, Mgujarati, aliisoma Gita mara ya kwanza akiwa London, mwaka 1889, kwa Kiingereza, akaona haya. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kigujarati. Hilo lilinipa moyo kidogo.

Nimeliacha dharma kama lilivyo. Mzee hakufurahi. Alisema nimelipwa chai na kachori halafu nimebakiza neno.

Jumamosi fundi alisoma kurasa zangu, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Dharma alilipita bila kuuliza. Alipofika kwenye orodha akasoma kwa sauti: walimu, baba, watoto, babu, wajomba, wakwe, wajukuu, mashemeji. Akasimamisha cherehani.

"Na shemeji naye?"