Mbwa akinguruma, usimpige

Mbwa wengi wa ulinzi huku Paje na Jambiani, Zanzibar, wanang'ata kwa woga. Wamezoea kurushiwa mawe, halafu wanafungwa mnyororo mfupi mchana kutwa. Hawana pa kukimbilia, wamebakiwa na meno tu.

Utazame mwili: unakakamaa, mdomo unafungwa ghafla, weupe wa jicho unaonekana. Kisha ndio ananguruma. Ukimpiga hapo, unamfundisha kuacha onyo. Siku nyengine atang'ata kimya kimya.

Badala ya kumpiga, mzoeshe wageni. Tafuta umbali ambao mbwa anamwona mgeni na bado anakula, pengine mita 15. Mgeni akitokea, mpe mbwa kipande kimoja kimoja cha dagaa aliyelowekwa kutoa chumvi; mgeni akiondoka, dagaa basi. Dakika 5 zinatosha. Akikataa kula, mmesogea mno, rudini nyuma. Na tafadhali, mgeni asimlishe kwa mkono wake: mbwa hufuata chakula, kikisha anajikuta ubavuni mwa mtu anayemwogopa.

Aliyebadilika ghafla aonwe na daktari wa mifugo, huenda ana maumivu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mchubuko tu.