Kitenzi kilichokwamisha mtaala wetu

Nilipokabidhiwa kazi ya kuongoza kamati ya kuandika upya mtaala shuleni kwetu, nilichora jedwali, nikajaza mada, malengo na zana, kisha mwisho kabisa nikatenga safu ya "mahitaji maalumu". Safu hiyo ndiyo iliyoniumbua. Kila wiki niliandika humo yaleyale: aongezewe muda, akae mbele. Mwenye uoni hafifu, mwenye kigugumizi, mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) na yule anayemaliza kitabu kabla muhula haujafika katikati, wote niliwakalisha mbele.

Mwenzangu anayefundisha wanafunzi viziwi alisoma rasimu, akaweka kidole kwenye lengo la kwanza: "Mwanafunzi aandike insha kuhusu mzunguko wa maji."

"Mwalimu, hapa unapima maji au unapima insha?"

Nilinyamaza. Tukarudi kwenye malengo, moja baada ya jingine, tukitenganisha jambo la kujua na njia ya kulionyesha. "Aandike insha" likawa "aeleze", na kueleza kukaruhusiwa kwa maandishi, kwa mdomo, kwa lugha ya alama au kwa mchoro wenye maelezo. Si kila kitenzi kilitoka. Katika somo la lugha "aandike" lilibaki, maana huko kuandika ndiko kunakofundishwa. Kwenye kupima joto pia hatukumwondolea mtu kipimajoto; tuliongeza kinachotamka namba.

Walimu walilalamika, na hawakukosea: utasahihishaje kwa haki mchoro na insha? Tulibishana siku nyingi juu ya hili kuliko jambo lingine lolote. Mwishowe tukaandika vigezo vinne vya kila jibu, liwe la aina gani: maji kugeuka mvuke, mvuke kupoa na kufanya mawingu, mvua kunyesha, maji kurudi baharini. Mwandiko mzuri hauna alama hapo.

Baadaye nilisoma kanuni tatu za kupanga masomo za CAST, taasisi ya elimu ya Marekani iliyoanzishwa 1984: toa njia mbalimbali za kuamsha hamu, za kuwasilisha maarifa na za mwanafunzi kuonyesha alichojifunza. Ya hamu tulikuwa tumeisahau kabisa. Yule anayemaliza mapema tulikuwa tunamwongezea maswali kumi ya aina ileile, yaani tunamwadhibu kwa kuelewa. Sasa hupewa swali moja gumu, kwa mfano kwa nini mvua si ya chumvi ilhali bahari ni ya chumvi.

Ile safu ya mwisho hatukuifuta. Ina majina ya wanaohitaji nukta nundu au maandishi makubwa, pamoja na tarehe ya kuagiza karatasi zao, kwani zikichelewa mtoto hukaa bure siku ya jaribio. "Akae mbele" limebaki mara moja tu, na mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeomba.