Kidude cha kifuani
Leo asubuhi, stoo ya mitungi ya gesi hapa Igogo, Mwanza, kipima gesi changu cha kifuani kimelia. Mwenzangu kadai, "Betri hiyo kaka, kizime tu."

Juzi kweli ilikuwa hitilafu. Nilikiwashia mle ndani badala ya nje kwenye hewa safi, kikagoma kujiweka sifuri. (Uvivu wangu huo.) Ila leo kioo kinasoma 12, yaani asilimia 12 ya kiwango cha chini cha kulipuka (gesi kidogo kabisa hewani inayoweza kulipuka). Tukatoka, hakuna kugusa swichi. Milango wazi, upepo wa ziwa ukapiga mpaka namba ikarudi 0.

Nikaingia na povu la sabuni kutafuta panapovuja, kipima nimekishusha sakafuni maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Shingoni mwa mtungi mmoja, vipovu vidogo kama macho ya dagaa. Jamaa kimya, chai yake imepoa.